Maji Ndani ya Kopo la Losheni

Mapishi ya losheni ya nyumbani yanayopita mkono kwa mkono katika miji yetu yanafanana sana. Kwangua ute wa jani la alovera, ongeza vijiko kadhaa vya mafuta ya nazi, kijiko cha asali, matone mawili matatu ya vitamini E, na maji ya mawaridi kwa ajili ya harufu. Saga kwenye blenda mpaka upate rojo jeupe, jaza kwenye kopo safi, weka bafuni. Siku ya kwanza losheni hiyo ni nzuri kweli: laini, inanukia, inaingia mwilini bila kuacha utelezi. Ikifika wiki ya pili, maji yameshajitenga chini ya kopo, na juu pameanza kuota madoa ya kijivu ambayo mwenye kopo huyaondoa kwa kijiko na kuendelea kupaka.

Anayehangaika hivyo ana sababu. Wapo waliochoshwa na bei za dukani, wapo ambao watoto wao wana pumu ya ngozi na kila krimu huwawasha, na wapo walioona ndugu zao wakiharibiwa na vipodozi vya kuchubua. Wote wanauliza swali moja: mafuta gani ni ya asili, na yapi yana kemikali? Naona swali hilo linatupeleka pasipo. Karibu kila kinachoharibika katika losheni ya nyumbani huharibika kwa sababu ya maji, na karibu kila faida iliyomo ndani yake inaweza kupatikana bila kuyatia maji hayo kwenye kopo.

Tuanze na ngozi yenyewe. Ngozi iliyopauka imepungukiwa maji. Tabaka lake la juu kabisa, ambalo sehemu nyingi za mwili ni jembamba kuliko karatasi ya daftari, ni seli zilizokwisha kufa, zimeshikamanishwa na mafuta yanayotengenezwa na mwili: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mafuta hayo huzuia maji ya ndani yasitoke ovyo na uchafu wa nje usiingie. Sabuni kali huyaondoa. Maji ya moto huyaondoa. Baridi kavu ya Juni na Julai huko Njombe au Makete hunyonya maji ya ngozi haraka kuliko yanavyoweza kurudishwa, na ofisi yenye kiyoyozi hufanya vivyo hivyo hata katikati ya joto la Dar es Salaam. Mtu akizeeka, mafuta ya mwili hupungua, ndiyo maana miguu ya bibi hupauka saa chache tu baada ya kupakwa.

Losheni nzuri hufanya kazi tatu kwa pamoja. Ina kitu cha kuvuta na kushika maji, kama gliserini, asali au ute wa alovera. Ina mafuta mepesi ya kujaza nafasi zilizo wazi kati ya seli ili ngozi iwe laini mkononi. Na ina kitu kizito cha kufunika juu, kama nta ya nyuki au mafuta ya mgando, ili maji yaliyomo yasipotee hewani. Kinachobaki, ambacho ni zaidi ya nusu ya kopo na mara nyingi hukaribia robo tatu, ni maji. Maji hayo yamo ili vitu vingine vitandazike vizuri. Baada ya dakika chache sehemu kubwa yake huwa imeshakwenda na upepo.

Maji na mafuta hayakai pamoja kwa hiari, na hilo si jambo lililogunduliwa jana. Galen, tabibu Mgiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, anatajwa kama mwasisi wa krimu ya nta ya nyuki, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Ilipopakwa, maji yalijitenga na kukauka juu ya ngozi, mtu akahisi ubaridi. Ilikuwa krimu ya kutumiwa ikiwa mpya. Karne nyingi zilipita kabla watengenezaji hawajaongeza boraksi, ambayo hukutana na asidi za nta na kuunda sabuni kidogo yenye kuyashikanisha maji na mafuta. Leo viwanda vina nta maalumu za kuunganishia, zenye upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Nta ya nyuki peke yake haina uwezo huo. Husaidia mchanganyiko kuwa mzito, na kwa saa kadhaa unaonekana umeshikana, lakini matone ya maji bado yamo humo yakisubiri joto la mchana yapate kukimbia. Blenda huyapasua matone hayo yawe madogo, haiyafungi.

Kujitenga kwa maji ni kasoro ya sura tu, losheni ikitikiswa inapakika. Kinachonitia wasiwasi ni vile vinavyoishi ndani ya maji. Kopo la maji, sukari ya asali, ute wa mmea na joto la nyuzi 30 ni mahali pazuri mno kwa bakteria na ukungu, na katika mazingira mazuri baadhi ya bakteria hujigawa kila baada ya nusu saa au chini ya hapo. Kila kidole kinachoingia koponi hupeleka wengine. Ukungu angalau huonekana. Bakteria hawaonekani wala hawanuki mpaka wawe wengi sana, na miongoni mwao yumo Pseudomonas, anayependa maji na anayejulikana hospitalini kwa kushambulia vidonda, majeraha ya moto na macho. Mtu mwenye ngozi nzima anaweza kupaka losheni iliyooza kwa wiki kadhaa asipate lolote. Mtoto mwenye ukurutu uliopasuka, au mgonjwa wa kisukari mwenye magaga, hana bahati hiyo, na losheni za nyumbani hutengenezwa kwa ajili ya watu kama hao hasa.

Hapo hutajwa vitamini E. Ni kitu kizuri kwa kazi yake, nayo ni kuchelewesha mafuta yasichachuke yanapokutana na hewa. Haiui bakteria wala ukungu, na kuiita kihifadhi cha losheni yenye maji ni kumpa mtu amani isiyokuwapo. Asali nayo hudumu miaka ikiwa nzito kwa sababu sukari yake haiwaachii wadudu maji ya kutumia, lakini ikishachanganywa na maji inageuka kuwa chakula chao. Friji hupunguza kasi tu, na siku umeme ukikatika kutwa nzima kasi inarudi. Mafuta ya mchaichai au karafuu huzuia baadhi ya vimelea kwa kiwango kikubwa, kiwango ambacho kitaanza kuichoma ngozi kabla hakijaimaliza kazi yake. Kihifadhi cha kweli ni kitu kama fenoksiethanoli, kinachopimwa kwa mizani na kutiwa kwa asilimia isiyozidi 1. Anayetaka losheni yenye maji ya kukaa wiki na miezi lazima akubali kitu kama hicho ndani yake, na hapo ile hoja ya kukimbia kemikali inakwisha yenyewe.

Mila za pwani zilikwisha kulitatua jambo hili bila kulipa jina. Liwa husuguliwa juu ya jiwe kwa maji kidogo na kupakwa papo hapo. Singo anayosingwa bibi harusi hutayarishwa kwa maua na viungo vilivyokaushwa na kupondwa, hulowanishwa kwa marashi wakati wa kupaka, na kinachobaki cha majimaji hakiwekwi kabatini mwezi mzima. Mafuta ya nazi ndiyo yaliyokaa chupani. Chenye maji kilitumika kikiwa kipya na chenye mafuta kilihifadhiwa, kila kimoja peke yake, vikakutana mwilini. Huko Ankole na Rwanda, ambako mafuta ya ngozi yalikuwa siagi ya ng'ombe, wanawake waliisukasuka na kuiosha hadi maziwa yatoke yote, kwa sababu maziwa yanayobaki ndiyo yanayoiozesha.

Ushahidi ninaouthamini kuliko mwingine wote unatoka kwenye kliniki za ukoma. Ugonjwa huo huharibu neva, ngozi ya viganja na nyayo huacha kutoa jasho, hukauka, hupasuka, na mipasuko hiyo ikiingia uchafu mtu anaweza kupoteza vidole bila kuhisi maumivu. Mafunzo ya kujitunza wanayopewa wagonjwa ni mafupi: loweka miguu kwenye maji ya kawaida kwa dakika 20 au 30, sugua sugu taratibu, kisha paka mafuta ngozi ikiwa bado na maji. Basi. Mafuta yenyewe yanaweza kuwa ya mgando au ya kupikia. Ngozi iliyo katika hali mbaya kuliko yoyote tunayoijua sisi tunaolalamikia kupauka hurudishiwa uhai kwa beseni la maji na mafuta ya bei nafuu, mradi mpangilio ufuatwe na urudiwe kila siku.

Kwa hiyo maji ya losheni tayari tunayo: ni yale yanayobaki mwilini baada ya kuoga. Jifute kwa kugusagusa taulo, uache unyevu. Tia matone machache ya gliserini kwenye kiganja chenye maji na upake, kisha funika kwa mafuta dakika hiyohiyo. Gliserini safi ya duka la dawa haiozi, mafuta safi hayana maji ya kuozesha, na vinapokutana juu ya ngozi vinafanya kazi zote tatu za losheni. Gliserini isipakwe kavu peke yake mahali penye hewa kavu, kwa kuwa ikikosa maji ya nje huyavuta ya ndani ya ngozi. Wengi huona njia hii si losheni kwa sababu hakuna rojo jeupe. Ngozi haitofautishi.

Sasa kuhusu mafuta, hapa pana mengi ya kusema na mengi yanayosemwa vibaya.

Mafuta ya nazi yana heshima yake, na anayeyastahi hakosei. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, hayachachuki upesi, na yanapatikana popote kuanzia Lamu hadi Mafia. Yale ya tui lililochemshwa jikoni hunukia kuliko yote, lakini yasipopikwa mpaka povu likatike na mashapo yageuke kahawia, hubaki na maji ndani na kuvunda. Yale ya mbata hutegemea mbata ilivyokaushwa, kwani iliyopigwa na ukungu haisafishiki kwa kuchuja. Huganda chini ya nyuzi 24 hivi, hivyo mkazi wa Tanga humimina kilekile ambacho mkazi wa Limuru hulazimika kukikwangua. Usoni na mgongoni huwaletea wengi chunusi, na mwenye mba ayaepuke kichwani, kwa sababu fangasi wanaoleta mba hula asidi za mafuta za aina hiyohiyo.

Mafuta ya alizeti hayapewi nafasi yanayostahili. Singida na Dodoma zinayatoa kwa wingi, tunayakaangia mandazi, halafu tunaagiza ya zeituni kwa bei kubwa ili tupake watoto. Yale ya kawaida yana asidi nyingi ya linoleiki, ambayo ngozi huitumia kujenga ukuta wake. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa Dhaka, Bangladesh, kwa watoto njiti wa hospitali: waliopakwa mafuta ya alizeti walipungukiwa na hatari ya kupata maambukizi ya hospitalini kwa asilimia 41 kuliko wasiopakwa kitu. Chapisho la 2008 la watafiti haohao lilionyesha kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 26 kwa waliopakwa alizeti, na kwa asilimia 32 kwa waliopakwa Aquaphor, ambayo ni mafuta mazito ya petroli. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield nao wakaona kwamba mafuta ya zeituni, yakipakwa mkononi kwa wiki kadhaa, yalidhoofisha ukuta wa ngozi ya watu wazima, na ya alizeti hayakufanya hivyo. Hapo zeituni ya asili imeshindwa na alizeti ya asili, na petroli imesimama bega kwa bega na mmea. Asili ya mafuta haitoshi kutuambia yatakavyofanya kazi.

Ndiyo maana siwezi kuyasema vibaya mafuta ya mgando. Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, na hadi leo hakuna mafuta ya mmea yanayozuia maji kutoka kwenye ngozi kama yanavyozuia hayo yakiwa yamesafishwa vizuri. Hayana harufu, hayachachuki, na ni nadra sana kumdhuru mtu kwa mzio. Anayeyakataa kwa sababu yanatoka kwenye petroli ana haki ya uchaguzi wake, ila asimwogopeshe mama mwenye mtoto wa ukurutu na kopo lake moja la bei nafuu.

Siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini ni jambo jingine la kujivunia. Ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi kwa kuwa ina asidi nyingi ya oleiki, na huyeyuka haraka kwenye kiganja. Miti yake huchukua miaka mingi kuanza kuzaa, na inakatwa kwa ajili ya mkaa. Anayenunua shea kwa wanawake wanaoikamua anaupa mti huo sababu ya kubaki umesimama. Nta ya nyuki nayo tunayo nzuri, hasa ya misitu ya miombo ya Tabora na Sikonge. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo hubaki imara hata kwenye mkoba uliokaa juani.

Kwa vitu hivyo mtu anaweza kutengeneza mafuta mazito mazuri jikoni kwake. Kwa mahali pa joto, pima kwa mizani nta gramu 15, siagi ya shea gramu 50 na mafuta ya alizeti gramu 60. Penye baridi punguza nta hadi nusu. Weka nta na alizeti kwenye sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka kidogo. Usiweke moja kwa moja juu ya jiko la mkaa, kwa sababu nta ikipata moto mwingi hushika moto. Ikishayeyuka yote, toa, tia shea, koroga mpaka iyeyuke kwa joto lililobaki. Dondosha tone kwenye sahani ya baridi uone ugumu wake, ukirekebisha kwa kuongeza nta au alizeti. Kisha poza haraka, chombo kikiwa ndani ya maji ya baridi, huku ukikoroga. Shea ikiachwa ipoe polepole huganda kwa vipande na kuwa na chembechembe mkononi kama mchanga, nayo ikiyeyushwa upya na kupozwa haraka hurudi laini. Matone ya vitamini E yatiwe hapa, yakafanye kazi yake halisi. Makopo yawe makavu kabisa, na unapochota tumia kijiko kikavu, maana hata mafuta haya hupata ukungu yakiingiziwa maji ya vidole. Yanapotoa harufu kama ya karanga zilizooza, yametimiza siku zake.

Kuna vitu ambavyo mapishi mengi huviongeza na ambavyo ningependa viachwe kabisa. Ndimu ni kali kwa ngozi, na ina kemikali zake za asili ambazo zikikutana na jua huunguza: mtu hupata malengelenge, kisha alama nyeusi zinazodumu miezi. Magadi na bikabonati ya soda huvuruga uchachu mdogo ambao ngozi huutumia kujilinda. Mafuta ya karafuu na mdalasini, hata yakinukia kama Pemba yenyewe, huwasha na kujenga mzio, na mtoto mchanga hayahitaji. Mafuta ya karanga kwenye ngozi ya mtoto mwenye ukurutu yaepukwe pia. Watafiti wa Uingereza walieleza mwaka 2003 uhusiano kati ya krimu zenye mafuta hayo na watoto kupata mzio wa karanga baadaye. Na kitu chochote kipya kipakwe kwanza ndani ya kiwiko kwa siku mbili tatu.

Jua lina habari yake. Mafuta ya nazi, ya ubuyu au ya shea hayatoshi kamwe kuwa kinga ya jua, na kwa mwenye ualbino imani hiyo inaweza kugharimu maisha. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinga ya jua iitwayo Kilisun imekuwa ikitengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwenye maabara, kwa vipimo vinavyohakikiwa. Huo ni utengenezaji wa kienyeji kwa maana bora kabisa, na haufanyiki kwa blenda.

Wala hatuwezi kuzungumzia kuchanganya losheni nyumbani tukauruka mkorogo wa kuchubua ngozi. Mikono ileile, makopo yaleyale, na kwa watu wengi ndiyo losheni ya kuchanganya waliyoizoea: losheni ya kawaida iliyotiwa krimu ya klobetasoli, au haidrokwinoni, au kitu kisicho na jina chenye zebaki. Steroidi kali kama klobetasoli hukondesha ngozi mpaka mishipa ionekane, zebaki huingia kwenye figo. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyenye zebaki, kwa kiwango chochote, vikomeshwe ifikapo 2025. Sheria ni muhimu, lakini wanaochanganya hufanya hivyo chumbani, na wengine sasa huuza kwa lebo ya «asili». Losheni isiyo na orodha ya vilivyomo, na inayong'arisha ndani ya wiki moja, isipakwe, hata kama muuzaji ni jirani mwema.

Bado wapo watakaotaka losheni yenyewe, nyeupe na nyepesi, na wapo wanaotaka kuiuza. Wa kwanza atengeneze ya kutumia siku hiyohiyo na kumwaga inayobaki. Wa pili aingie kwenye kazi hiyo kama fundi. Malighafi zinapatikana kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam: nta ya kuunganishia, gliserini, kihifadhi. SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania ambalo limekuwapo tangu 1973, hufundisha wajasiriamali wadogo. Atahitaji mizani inayosoma hata sehemu ya gramu, karatasi za kupimia uchachu ili losheni ibaki karibu na pH 5, maji yaliyochemshwa vizuri, na chupa ya pampu badala ya kopo la kutumbukiza vidole. Tanzania, vipodozi vimekuwa chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019, na Kenya viwango vyake ni vya shirika lake, KEBS. Gharama ya kupimisha sampuli inaweza kumuumiza mjasiriamali mdogo, hilo ni kweli, na vikundi vya wanawake vinavyojiunga ili kuilipa kwa pamoja vinastahili punguzo. Kikundi kinachoanza kitafaidika zaidi kwa kuuza mafuta mazito yasiyo na maji, ambayo hayahitaji kihifadhi, huku kikimweleza kila mnunuzi ayapake mara tu atokapo bafuni.